Je, Wajua? Sharti la kesho kwa Kifaransa, na -ki- ya Kashaulili

Je, wajua kwamba kuna kanuni ya Kifaransa inayowasumbua wanafunzi wa dunia nzima, ambayo mtoto wa Kashaulili anaitumia kwa Kiswahili kabla hajajua kuandika jina lake?

Ni kanuni ya sharti la kesho: jambo ambalo huenda likatokea, na likitokea, jingine litafuata. Mfaransa husema: *Si le train arrive, je partirai.* Sisi husema: Treni ikifika, nitaondoka. Zitazame sentensi hizi mbili kwa makini. Katika Kifaransa, wakati ujao umekaa upande mmoja tu, kwenye *partirai*. Upande wa *si*, kitenzi *arrive* kiko katika wakati uliopo, ingawa treni yenyewe huenda bado iko Kaliua. Katika Kiswahili nako -ta- imekaa upande mmoja tu, kwenye "nitaondoka". Kwenye "ikifika" haimo, na hata ukitaka kuipachika haingii. Hakuna Mswahili anayesema "itakifika".

Nimechukua mfano wa treni kwa sababu Kashaulili ni kata ya Manispaa ya Mpanda, na Mpanda ndiko linakoishia tawi la reli linalotoka Kaliua. Tawi hilo Waingereza walilijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya huku, likakamilika karibu na mwaka 1950. Mgodi ule ulikoma zamani, lakini reli ikabaki ikibeba watu na mazao. Kwa hiyo katika mji huu "treni ikifika" si sentensi ya kitabuni.

Je, wajua kwamba Kifaransa kilipata kituo cha kudumu katika ardhi ya Katavi mapema kuliko Kiingereza?

Wasafiri waliozungumza Kiingereza, Stanley na Livingstone, walipita pande hizi mwanzoni mwa 1872 wakitoka Ujiji kuelekea Tabora, lakini walikuwa wapita njia. Mwaka 1879 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold II. Yeye alijenga. Mwaka 1883 Mbelgiji mwenzake, Émile Storms, alivuka ziwa akafungua kituo cha Mpala, ng'ambo inayotazamana na Karema. Mwaka 1885 vituo vyote viwili vikakabidhiwa Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie lililoanzishwa Algiers mwaka 1868. Tangu hapo, sala zilisaliwa Kilatini, mafundisho yakatolewa Kiswahili na lugha za wenyeji, na mapadre wenyewe walizungumza na kuandikiana Kifaransa.

Miongoni mwa watu wa Karema wa enzi hiyo, anayenigusa kuliko wote ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu miaka ya 1860, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe na kulelewa nao huko Algeria. Kisha akapelekwa Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa hapo hapo, akatibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Kazi ya tabibu ina masharti tele: ukinywa hii utapata nafuu, homa isiposhuka utarudi kesho. Mtu huyu aliyekuwa na Kifaransa cha malezi na Kiswahili cha kazi aliishi na kanuni yetu kwa zaidi ya miaka 60.

Na leo? Karema kuna bandari mpya, iliyokamilika mwaka 2022, na macho yake yako Kalemie, mji wa Kongo ulioitwa Albertville zamani za Wabelgiji. Mwaka huohuo wa 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi, ambayo nayo hutumia Kifaransa serikalini, iliingia tangu 2007. Kalemie watu wanazungumza Kiswahili, kwa hiyo mfanyabiashara wa Mpanda hakosi wa kuongea naye. Lakini fomu za serikali ya Kongo zinaandikwa Kifaransa. Anayeelewa Kifaransa hasubiri mtu wa kumsomea karatasi yake mwenyewe.

Chukua ujumbe mmoja wa biashara tuuone kwa karibu. Muuza mchele wa Mpanda anataka kumwandikia mteja wake wa Kalemie: Meli ikiondoka kesho, mchele utafika Ijumaa. Kwa Kifaransa: *Si le bateau part demain, le riz arrivera vendredi.* *Part* ni kitenzi *partir* katika wakati uliopo, na neno *demain*, yaani kesho, linakaa pembeni yake bila ugomvi wowote. Hilo ndilo humshangaza mwanafunzi: kesho imetajwa waziwazi, halafu kitenzi hakibadiliki. *Arrivera* ndiyo iliyobeba wakati ujao, ile *-a* ya mwisho ikiwa imeungwa kwenye *arriver* nzima. Ukipenda, geuza sentensi: *Le riz arrivera vendredi si le bateau part demain.* Koma imeondoka, vitenzi vimebaki vilevile.

Meli isipoondoka je? *Si le bateau ne part pas demain.* Hapa Kiswahili kinatumia -sipo-, na kwa mara nyingine -ta- haimo.

Je, wajua mahali ambapo Mswahili huteleza, licha ya bahati yote hiyo?

Huteleza kwenye "kama". Katika mazungumzo ya kila siku tunasema pia: Kama meli itaondoka kesho, mchele utafika Ijumaa. Sentensi hii inaeleweka na wengi wanaitumia. Lakini sasa -ta- imeingia pande zote mbili. Mwanafunzi akiibeba hivyo hivyo kuipeleka kwenye Kifaransa, atapata *si le bateau partira*, na mwalimu atachora mstari mwekundu. Kifaransa hakiruhusu wakati ujao baada ya *si* ya sharti.

Ninaamini kwa dhati kwamba kosa hili huzaliwa na njia tunayopitia. Mwanafunzi wa sekondari anayefundishwa Kifaransa huambiwa *si* ni "kama", au ni neno fulani la Kiingereza, halafu anaachwa hapo. Angeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba *si* pamoja na wakati uliopo ni -ki-, asingehitaji kukariri chochote. -Ki- yenyewe ingemkataza.

Kuna jambo zuri zaidi. Yapo mazingira ambamo *si* huruhusu wakati ujao bila kosa. *Je ne sais pas si le bateau partira.* Sijui kama meli itaondoka. Hapa *si* haileti sharti. Inaleta swali lililofichwa ndani ya sentensi: itaondoka au haitaondoka? Sasa jaribu kusema hivyo kwa -ki-: "Sijui meli ikiondoka." Umeona? Haikai. Kiswahili kinadai "kama" na -ta-, na Kifaransa kinaruhusu *si* na wakati ujao, mahali hapohapo. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili ana kipimo chake mwenyewe. Sentensi ikikubali -ki-, kitenzi cha Kifaransa kinakaa katika wakati uliopo. Ikikataa -ki- na kung'ang'ania "kama", wakati ujao unaweza kuingia. Kipimo hiki kinafanya kazi kichwani kwa sekunde moja, hata katikati ya mtihani.

Je, wajua kwamba kwenye "itakapofika" tuko karibu na Paris kuliko London?

Treni ikifika ni jambo moja. Treni itakapofika ni jingine, maana hapo hatuna shaka tena, tunangoja saa tu. Kifaransa huhama kutoka *si* kwenda *quand*, na hapo wakati ujao hufunguliwa mlango pande zote mbili: *Quand le train arrivera, je partirai.* Kiingereza hakifanyi hivyo. Hata kikiwa na hakika kwamba treni inakuja, bado huacha kitenzi cha kwanza katika wakati uliopo. Kiswahili kinafanya kama Kifaransa kabisa: itakapofika, nitaondoka. Mwanafunzi wa Tanzania aliyezoea Kiingereza darasani huandika *quand le train arrive* kwa jambo la kesho na kukosa alama, ilhali lugha ya nyumbani kwao ilikuwa na jibu sahihi. Kanuni hiyohiyo inashika *lorsque*, *dès que* na *tant que*: mara itakapofika, maadamu itakuwapo.

Lakini -ki- yetu ina siri moja ambayo *si* haina. "Mvua ikinyesha" yaweza kuwa na shaka, na yaweza kuwa na hakika. Mkulima wa Katavi akisema mwezi Agosti "mvua zikianza nitapanda", hana wasiwasi kwamba mvua zitaanza. Anajua zitaanza, anangoja tu. Kifaransa hakimruhusu kukaa katikati. Lazima achague: *si* kama ana shaka, *quand* kama ana hakika. Ukichagua moja, umeshatangaza unachoamini.

Uzito wa uchaguzi huo haujapata kuwa mdogo katika mkoa huu. Mwaka 1972 Burundi ilikumbwa na mauaji makubwa, na Wahutu waliosoma, walimu na wanafunzi wakiwamo, waliandamwa mno. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda, na ya Mishamo yakafuata miaka ya mwisho ya 1970. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na watu wa Mishamo katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinaonyesha jinsi kurudi nyumbani kulivyokuwa kiini cha namna walivyojieleza kama taifa lililo uhamishoni. Wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini Kigoma walilitazama jambo hilo kwa namna nyingine. Tukirudi. Tutakaporudi. *Si nous rentrons. Quand nous rentrerons.* Katika vinywa vya watu waliofukuzwa kwao, tofauti ya maneno haya mawili ilikuwa tofauti ya maisha mazima.

Baadaye serikali ya Tanzania iliwapa uchaguzi wa kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi waliomba uraia, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora walitambuliwa kuwa Watanzania. Leo Katumba iko Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, na Mishamo iko Wilaya ya Tanganyika. Siku ya soko, watoto na wajukuu wa waliofika wakati ule wanakuja Mpanda mjini kuuza na kununua kama mtu mwingine yeyote, kwa haki kamili.

Je, wajua wakati ujao wa Kifaransa ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye kitenzi "kuwa na". Kilatini cha mitaani kiliacha wakati ujao wa zamani, kikaanza kusema kitu kama "kuimba ninacho", yaani nina kuimba mbele yangu. Maneno hayo mawili yaligandamana kwa karne nyingi mpaka yakawa neno moja. Ushahidi bado uko wazi. Weka *avoir*, "kuwa na", kando ya wakati ujao: *j'ai, tu as, il a* na *j'arriverai, tu arriveras, il arrivera*. Mikia ni ileile. Kwa "sisi" na "ninyi" umebaki mkia mfupi tu, *-ons* na *-ez*, na kwa "wao" ni *-ont* kamili.

Na -ta- yetu? Wanaisimu wanaitoa kwenye "taka". Nitaondoka ni "nataka kuondoka" iliyochakaa kwa matumizi. Wasiosadiki waitazame "itakapofika" polepole: i-taka-po-fika. Kitenzi kizima bado kimo ndani. Kimo pia katika "atakayekuja" na "nitakachosema". Mfaransa ameijenga kesho yake kwa kuwa na kitu, Mswahili ameijenga kwa kutaka. Halafu wote wawili, bila kushauriana, wakaacha kuitia kesho hiyo ndani ya sharti.

Usidhani kwamba hilo ni jambo la lugha zote. Kilatini, mama wa Kifaransa, kilitumia wakati ujao hata ndani ya sharti. Kiitaliano, ndugu wa tumbo moja, kinauruhusu mpaka leo. Kireno, lugha iliyotuachia meza, kimehifadhi umbo maalumu la kitenzi kwa ajili ya sharti la kesho. Katika ukoo huo, Kifaransa kilishika njia yake.

Je, wajua kwamba baadhi ya methali zetu zinaweza kuwa daftari zima la mazoezi?

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni: -ki- upande mmoja, -ta- upande wa pili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: *Si tu ne bouches pas la fissure, tu bâtiras un mur.* Sitoi hii kama methali ya Wafaransa, nimeigeuza tu ili vitenzi vionekane, *bouches* cha wakati uliopo na *bâtiras* cha wakati ujao. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hapa upande wa pili ni amri, na Kifaransa nacho kinakubali amri baada ya sharti: *Si tu vois ta tante, dis-lui bonjour.* Ukimwona shangazi, msalimie. Ukiona vyaelea, vimeundwa: hapa hakuna wakati ujao kabisa, kwa sababu ni ukweli wa siku zote, na Kifaransa katika ukweli wa siku zote huweka wakati uliopo pande zote mbili.

Lipo na sharti la jambo litakalokuwa limekamilika. Ukiwa umemaliza saa sita, tutaondoka pamoja: *Si tu as fini à midi, nous partirons ensemble.* *As fini* ni umbo linalofahamika kama la wakati uliopita, na bado sentensi inaelekea mbele. "Ukiwa umemaliza" yetu inafanya vivyo hivyo, -me- ikichungulia nyuma na -ki- ikingoja.

Kwa ndoto na majuto, mambo hugeuka, na hapo sasa Kiswahili hakimsaidii mtu. Ningekuwa na fedha, ningenunua trekta. -Nge- imekaa pande zote mbili. Kifaransa hukataa: *Si j'avais de l'argent, j'achèterais un tracteur.* Umbo la *-rais* haliingii upande wa *si*. Watoto wa Ufaransa wenyewe hukosea hapo kila siku, wakasema *si j'aurais*, na walimu wao wakabuni msemo wa kuwakumbusha: *Les si n'aiment pas les -rais.* *Si* hazipendi *-rais*. Ukiutamka kwa sauti, unasikika pia kama "misumeno haiwapendi taa", wale samaki bapa wa baharini, na ndiyo maana watoto hawausahau. Wafaransa wana msemo mwingine pia, kwamba kwa *si* nyingi ungeweza kuitia Paris ndani ya chupa.

Dokezo dogo la tahajia: *si* hukatwa mbele ya *il* na *ils* tu, ikawa *s'il*, *s'ils*. Mbele ya *elle* inabaki nzima, *si elle vient*.

Je, wajua kwamba safari hii ilishawahi kufanywa kwa kinyume?

Mwaka uleule wa 1879 Cambier alipofika Karema, padri kijana wa Kifaransa, Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika pwani yetu. Alikaa Zanzibar na Bagamoyo karibu miaka 20 akisikiliza Kiswahili na lahaja zake. Mwaka 1891 alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili, mwaka 1909 sarufi mbili, moja ya Kiswahili na nyingine ya lahaja zake, na kuanzia 1939 kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa yenye zaidi ya kurasa 1,100, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Yeye ndiye aliyelazimika kuwaeleza Wafaransa -ki- ni kitu gani. Walimu wa Kiswahili na watafiti wa lahaja bado wanairejea kamusi hiyo kubwa, na mwanafunzi wa Mpanda anayeisoma kutoka upande wa pili, akianzia neno la kwao na kufika kwenye sentensi ya Kifaransa, anakuta njia imeshafyekwa.